Shuka la Kogo na Maiti ya Karen

Kosa la kwanza nililifanya kwa mdomo wangu mwenyewe: niliwaambia watu kwamba ni filamu ya Kenya.

Huku kwetu Konoin, kaunti ya Bomet, ukitangaza filamu ya Kenya watu wanakuja na viti vyao. Wanatarajia kumwona mtu wanayemjua, au mahali wanapopajua, au angalau ng'ombe. Nilichokuwa nacho kwenye laptopu ni White Mischief, filamu ya Waingereza ya mwaka 1987 iliyoongozwa na Michael Radford. Inahusu bwana mkubwa mmoja wa enzi za ukoloni, Josslyn Hay, Earl wa Erroll, ambaye alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941 alikutwa ndani ya gari lake kando ya barabara huko Karen, Nairobi, ana risasi kichwani. Mauaji ni ya kweli, nguo ni za kupendeza mno, na hakuna mtu aliyewahi kupatikana na hatia. Nikaona hayo matatu yanatosha kuwakalisha watu jioni moja ya Agosti.

Ilikuwa Jumamosi. Majani ya chai yalikuwa yameshapimwa na lori la kiwanda limeshapita. Tukakubaliana kuanza saa kumi, mapazia yafungwe, ili wenye ng'ombe wawahi kukamua.

Projekta niliazima kanisani. Walinipa kwa sharti moja: mzee wa kanisa aje nayo, akae kando yake, na arudi nayo. Spika ilikuwa ya binamu yangu wa boda boda, ile ndogo nyeusi anayoining'iniza kwenye usukani, isiyotumia waya. Stima ilikuwepo. Kilichokosekana ni ukuta mweupe. Sebule ya Kogo, yaani nyanya yangu, ni ya mbao, na mbao zimepakwa kijani tangu nilipokuwa darasa la tatu. Ukimwangazia mtu pale anaonekana kama amelishwa sumu kabla filamu haijaanza.

Kogo akaingia chumbani. Nikasikia sanduku la bati likifunguliwa, halafu akatoka amebeba shuka kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba mtoto wa kubatizwa. Lilikuwa jeupe, lina mikunjo minne ya pasi, linanukia sabuni ya mche. Chini kabisa, kwa uzi wa buluu, alikuwa ameshona kwa mkono wake herufi kubwa: KARIBU WAGENI. Na upande wa kushoto, katikati ya kimo, kulikuwa na ua moja la waridi, jekundu, ukubwa wa kisahani cha chai.

“Kogo, hakuna lingine? Lisilo na ua?”

“Hili ndilo la wageni,” akasema. “Hawa si wageni?”

Nikajaribu kuligeuza, mbele iwe nyuma. Kogo anashona vizuri; ua lilikuwa jekundu pande zote mbili, ila sasa maneno yalisomeka kama Kirusi. Nikajaribu kulipindua juu chini. Akaniuliza nimeona wapi mgeni akikaribishwa kwa kichwa. Tukalitundika lilivyokuwa, kwa vibanio vya nguo, kwenye kamba ya pazia.

Watu walikuwa wameshajaa, ishirini na kitu, na chai ya maziwa inazunguka kwenye birika, ndipo matatu ya kutoka Litein iliposimama barabarani na mama mkwe wangu akashuka na kikapu. Alikuja kumjulia hali Kogo. Kogo akamwekea kiti cha mbele kabisa, kile chenye kitambaa cha kufuma.

Hapo ndipo nilipokumbuka vitanda.

Filamu hii nilikuwa nimeitazama mara moja tu, miaka mingi iliyopita, nikiwa chuoni. Kichwani nilikuwa nimebaki na suti nyeupe, magari yenye pua ndefu na jua la jioni. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba wale watu wa Happy Valley, masetla wa bonde la Wanjohi upande wa Nyandarua na marafiki zao wa Nairobi na Naivasha, walijulikana kwa kunywa na kubadilishana wake, na kwamba mwongozaji hakuona sababu ya kuwafunika. Sasa huku kwetu mtu na mama mkwe wake hata kutazamana usoni ni kwa kipimo. Na nyuma yangu alikaa mzee wa kanisa, mkono mmoja juu ya projekta.

Nikajipangia: kila nitakapoona kifungo kinafunguliwa, nitaruka dakika tatu. Ulikuwa mpango mzuri. Sikujua kwamba katika White Mischief mambo yote ya maana husemwa na watu ambao hawajavaa.

Tukaanza. Kazi ya kutafsiri ilikuwa yangu, kwa sababu Kiingereza cha mabwana wale hutokea puani na hakifiki mbali. Nilikuwa nimejiandaa kufanya kama akina DJ Afro wanavyofanya, mtu anazungumza juu ya filamu nzima kwa Kiswahili cha mtaani mpaka Mchina anakuwa jirani yako. Lakini DJ Afro hupewa mtu mwema na mtu mbaya, na wanapigana. Mimi nilipewa Joss, Jock na Jack.

Naomba msomaji anivumilie hapa, maana mimi mwenyewe sikuvumiliwa. Joss ndiye atakayeuawa. Jock, yaani Sir Jock Delves Broughton, ndiye mume mzee ambaye mke wake kijana, Diana, anachukuliwa na Joss. Jack ni rafiki yao mwenye shamba. Kuna pia June, ambaye ni mwanamke. Wote wana masharubu au wanaonekana kama wangeyapenda, isipokuwa wanawake. Na kana kwamba hiyo haitoshi, mwigizaji anayeigiza Jock jina lake halisi ni Joss, Joss Ackland, wakati Joss anaigizwa na Charles Dance. Hugh Grant naye yumo, kabla dunia haijamjua, anaigiza mtu anayeitwa Hugh. Huyo peke yake alinirahisishia kazi, na anaonekana kidogo tu.

“Hawa wote,” akauliza binamu yangu, “walizaliwa saa moja?”

Watu wakacheka, lakini swali lilikuwa la haki. Kwetu jina ni saa. Kiprono alizaliwa mbuzi wakirudi zizini, Kibet alizaliwa mchana, Kipkemoi usiku, Kipkorir kabla hakujapambazuka. Ukiambiwa Kipkorir na Kibet wamegombana, huwezi kuwachanganya, mmoja ni wa giza na mwingine wa jua. Jock, Joss na Jack, ukifuata hesabu yetu, walizaliwa katika dakika ileile, na pengine na mama yuleyule.

Nikaruka dakika tatu. Tuliporudi, Diana alikuwa ameketi na mwanamume mwingine.

“Huyo ni mume?” akauliza shangazi.

“Hapana. Ndiyo. Ngojeni.” Nikaruka tena.

Wakati huo mwalimu mstaafu aliyekaa dirishani alikuwa hana shida na hadithi. Alikuwa anatazama nguo. Mpiga picha wa filamu hii ni Roger Deakins, yule ambaye miaka mingi baadaye alikuja kushinda Oscar mara mbili, na hata kwenye shuka la kitanda mwanga wake ulipendeza: mwanga wa asali juu ya kitambaa cheupe, glasi, shanga shingoni. Mwalimu akanyoosha fimbo yake.

“Hicho ni kitani,” akasema. “Suti zote hizo ni kitani. Ndicho walichotaka kupanda hapa.”

Na akaanza somo, huku Joss akibusu mtu nyuma ya fimbo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Waingereza iliwapa maofisa wake waliolemaa vitani ekari 25,000 za ardhi ya Kericho, katika mradi ulioitwa BEADOC, wapande kitani. Wenyeji wakaambiwa wasogee. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa ndani ya miaka michache, maofisa wakaondoka, na ardhi haikurudi ilikotoka. Ikaishia kwa kampuni za majani chai. “Kama bei ya kitani ingesimama,” akamalizia, “leo tungekuwa tunachuma suruali.”

Nilipogeuka kutazama shuka, sikujua tena ni nani aliyekuwa amembusu nani.

Sasa nije kwa lile ua. Lilikuwa limekaa mahali ambapo, katika filamu yenye karamu nyingi, kuna mtu daima ameketi na kinywaji. Ua likamwangukia kifuani. Mtu wa kwanza kuliona alikuwa mtoto wa jirani.

“Huyu ana damu!”

Sebule nzima ikainama mbele. Kweli, Jock alikuwa na doa jekundu kwenye shati lake la jioni. Akasimama, akaondoka, doa likabaki hewani kidogo, halafu likamshika mwanamke aliyekuja kukaa. Baadaye likamshika mtumishi mwenye sinia.

“Nimemwona yule wa kwanza tangu mwanzo ana doa,” akasema mzee wa kanisa, kwa sauti ya mtu anayezungumzia dhambi.

Nikataka kueleza. “Hilo si damu, wazee, hilo ni ua la...” Kogo akageuka polepole kwenye kiti chake, akanitazama. Akauliza ua lake lina ubaya gani. Nikanyamaza. Kuanzia hapo filamu ikawa na ushahidi ambao Radford hakuupanga, na wapelelezi ishirini na kitu wakawa wanaufuata kwa macho. Lawama ikawa inahama kutoka kifua hadi kifua kufuatana na nani amekaa kushoto. Kuna wakati ilikaa juu ya kiti kitupu kwa muda mrefu, na watu wakakiogopa.

Saa kumi na moja, nusu ya watazamaji wakatoka kwenda kukamua. Hawakuomba ruhusa, ng'ombe hangoji Waingereza. Waliporudi, na povu la maziwa mikononi, Joss alikuwa ameshauawa. Kwenye shuka lilionekana gari usiku, kando ya barabara, na chini yake kwa uzi wa buluu, KARIBU WAGENI.

“Nani ameuawa?”

“Joss.”

“Yule mwenye damu?”

“Hapana, yule asiye na damu.”

Wakakaa, hawakuridhika.

Mvua ya Agosti huku haipigi hodi. Ilianza wakati wa kesi. Nadhani hapo ndipo filamu yenyewe inapotaka kutueleza kitu, kwa sababu kuna mahakama, mawakili, na watu waliovaa vizuri wakijipepea. Jock yuko kizimbani. Nimeshashusha pumzi, maana mahakamani hakuna wa kuvua nguo, na mama mkwe sasa nimemtazama mara mbili bila aibu. Wakili anauliza swali. Jock anafungua mdomo. Na spika, ambayo ilikuwa imekumbuka ni ya nani na kujiunga na simu ya binamu yangu, ikasema kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili, tena kwa hasira:

“Uko wapi wewe? Nimesimama hapa Mogogosiek nanyeshewa!”

Kukawa kimya. Binamu akawa anapapasa mfuko kutafuta simu.

“Basi hakuwa Karen,” akasema mzee wa kanisa. “Alikuwa Mogogosiek.”

Hapo ndipo ikaja mvua ya mawe. Anayelima chai huku anaijua. Dakika kumi inaweza kukuachia miti ya chai iliyochanwa kana kwamba mtu amepita na kiwembe. Juu ya mabati, katika nyumba isiyo na dari, sauti yake ni ya malori mawili ya kokoto yakimwagwa kichwani. Jock akaendelea kutoa ushahidi. Tuliona midomo. Tuliona hakimu akiandika. Kila mtu akatafsiri kivyake. Shangazi akasema ameungama, mwalimu akasema amekana, mtoto wa jirani akasema anaomba maji. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya shuka nikipiga kelele, na hata mimi sikujisikia.

Kisha stima ikapotea.

Tulikaa gizani mpaka mvua ya mawe ilipokwisha, taa ya chemni ikawashwa, na Kogo akaleta maziwa ya mursik kwenye kibuyu kwa sababu chai ilikuwa imepoa. Nilitegemea watu wangedai mwisho wa filamu. Hakuna aliyedai. Walikuwa na yao tayari.

Mama mkwe ndiye aliyeanza, na kwa adabu alimwambia Kogo ili mimi nisikie. Alikuwa ameshikilia jambo moja: ile karamu ya Muthaiga. Usiku uleule wa mauaji, katika klabu ya Muthaiga, mume alinyanyua glasi mbele ya watu akamtakia mkewe na yule hawara wake heri na baraka. Hilo si la kutungwa, lilitokea. “Mume anayepiga kelele ni wa kawaida,” akasema. “Huyo wa kutakia watu baraka, mimi ningelala na kiti nyuma ya mlango.”

Shangazi akamtuhumu mtumishi mwenye sinia, kwa kuwa alionekana na damu. Akakumbushwa kwamba hata kiti kilionekana na damu. Akasema basi walishirikiana.

Mzee wa kanisa alikuwa bado kwenye Mogogosiek.

Kogo ndiye aliyenyamaza muda mrefu. Wakati wa vita vya Hitler alikuwa mtoto wa kuchunga ndama, kwa hiyo kati yetu ni yeye tu aliyekuwa hai maiti hiyo ilipopatikana, na alijua hilo linampa haki ya kusema mwisho. Katika filamu nzima alikuwa amempenda mtu mmoja, yule mkimya anayeigizwa na John Hurt, Gilbert Colvile, setla wa ng'ombe aliyeishi karibu na Wamaasai na asiyependa karamu. Kila alipotokea Kogo alikuwa anasema, “Huyo sasa ni mtu.”

“Yule mwanamke,” akaniuliza, “mwishowe aliolewa na nani?”

Nikamwambia ukweli, ule uliomo katika historia. Jock aliachiliwa huru tarehe 1 Julai 1941, akarudi Uingereza, na Desemba 1942 akajiua kwa mofini katika hoteli moja ya Liverpool. Na mwaka 1943 Diana akaolewa na Gilbert Colvile.

Kogo akaweka kikombe chini.

“Yule wa ng'ombe?”

“Yule wa ng'ombe.”

“Basi mmekwisha kuambiwa,” akasema. “Wawili wanapigana, wa tatu anachunga. Mwishowe mke yuko kwa nani?”

Nikamweleza kwamba hakuna aliyemshtaki Colvile, na hakuna anayemtaja kwa uzito. Akasema ndiyo maana. Nikaongeza kwamba hata naye Diana alimwacha, mwaka 1955 akaolewa na Lord Delamere, mwenye ardhi kubwa. Kogo akafikiri, akasema mwanamke yule alikuwa na akili, na kwamba filamu ingekuwa yake, wangeacha hayo mambo ya risasi.

Jumapili naipita. Nitasema tu kwamba katika matangazo ya kanisa projekta ilitajwa.

Jumatatu asubuhi, kituo cha kununulia majani, lori lilichelewa saa mbili na nusu. Hakuna mahakama ya rufani kama kituo cha majani lori likichelewa. Magunia yamepangwa, mizani inaning'inia, na watu hawana la kufanya ila kuangalia majani yasipate joto. Niliwakuta wameshagawanyika: upande wa Jock, upande wa mtumishi, upande wa Colvile, na vijana wawili ambao hawakuja Jumamosi lakini walikuwa na msimamo mkali kuliko wote.

Karani, ambaye alitazama nusu ya kwanza kisha akaenda kukamua na hakurudi, alitoa uamuzi ambao ningependa kuuona ukichapishwa mahali. “Rangi ipo,” akasema, huku akishika jani kutoka gunia la mtu. “Rangi safi kabisa. Lakini imechumwa na mtu mwenye haraka. Unataka majani mawili na kichipukizi, yeye amekuletea majani sita na kijiti.”

Nikamtetea Radford kidogo, kwa wajibu. Nikawaambia kesi yenyewe ilikuwa hivyo hivyo. James Fox, ambaye kitabu chake cha mwaka 1982 ndicho kilichozaa filamu, alianza kuifuatilia mwaka 1969 pamoja na mwandishi Cyril Connolly, watu wawili wenye akili zao, na walizama humo miaka. Nikawaeleza ya mahakamani ambayo mvua ya mawe ilitunyima: kwamba siku chache kabla ya mauaji Jock aliripoti polisi kwamba bastola zake mbili aina ya Colt zimeibwa, kwamba wakili wake, Morris, aliyeletwa kutoka Afrika Kusini, aliiangusha kesi kwa jambo dogo kama sindano. Mtutu wa bastola ndani yake una mifereji iliyojipinda, na risasi ikitoka hubeba alama zake. Risasi iliyomuua Joss ilikuwa na alama za mifereji mitano, iliyopindia kulia. Colt ina sita, nayo hupindia kushoto.

“Tano na sita,” akasema mwalimu mstaafu, akitikisa kichwa kwa furaha ya mtu wa hesabu. “Mtu anapona kwa moja.”

“Na nani alimkuta?” Hiyo ilikuwa sauti ya Kogo. Alikuwa amekuja na kikapu chake kidogo, kilo nne au tano, ambazo hakuna anayethubutu kumwambia asichume.

Nikamwambia: Waafrika wawili waliokuwa kwenye gari la maziwa. Walikuwa wanapita usiku, kama saa tisa, wakaona gari limeingia shimoni kando ya barabara, taa zinawaka. Ndani, chini sakafuni, bwana mkubwa amejikunja.

Kelele zikapungua. Watu wa maziwa wanajulikana huku. Kila nyumba ina mtu anayeamka saa hizo na mtungi.

“Hao ndio wangeulizwa vizuri,” akasema Kogo. “Mtu wa maziwa huona kila kitu, kwa sababu anapita wakati watu wanadhani hakuna anayepita. Wanaitwa nani?”

Sikuwa na jibu. Najua jina la klabu, la mke, la waume zake wote wanne kwa mpangilio, najua gari lilikuwa Buick. Nikasema nitaangalia kwenye kitabu. Lori likatokea kwenye kona, watu wakasimama kushika magunia yao, na Kogo akaniacha nimesimama pale na Buick yangu.

Niliporudi Nairobi niliitazama tena peke yangu, usiku, bila kuruka hata kifungo kimoja. Ni filamu nzuri kuitazama. Naikubali kwa macho. Kila kitu kinang'aa, na kila mtu anazungumza kama anayejua siri ambayo wewe umekosa kwa kuchelewa dakika mbili. Safari hii sikuchelewa, na bado sikuelewa kwa nini nusu ya wale watu wamo. Nilijikuta natazama upande wa kushoto wa skrini. Jock akakaa pale na glasi yake, shati jeupe tupu, na kwa mara ya kwanza nikamwona kama mtu asiye na hatia.

Desemba nikarudi nyumbani nikiwa nimejiandaa: waya wa spika, betri kubwa ya kuhimili stima ikipotea, na sehemu ya mwisho ya filamu nimeiweka tayari, dakika zisizo na vitanda. Mama mkwe alialikwa rasmi. Watu wakaja na viti. Mzee wa kanisa akaja na projekta, akauliza kama yule wa Mogogosiek amekamatwa.

Kogo akafungua sanduku, akatoa shuka, tukalitundika. KARIBU WAGENI ilikuwa mahali pake. Upande wa kushoto hapakuwa na kitu.

“Kogo, ua liko wapi?”

“Nimelifumua. Lilikuwa linawasumbua watu.”

Sebule ikanung'unika. Binamu yangu akasema ushahidi umeharibiwa. Shangazi akasema yeye hatazami filamu iliyokatwa. Mwalimu mstaafu akainuka dirishani, akavaa miwani, akasogea mpaka pua ikakaribia kitambaa. Uzi ulikuwa umetoka, lakini matundu ya sindano yalikuwa yamebaki, na rangi kidogo iliyochuja miaka yote ile, hivyo ukisogea karibu uliweza kuona mahali kila petali ilipokuwa. Akaanza kuhesabu kwa ncha ya fimbo.

“Tano,” akasema.

“Sita,” akasema Kogo. “Nilishona mimi.”

Mwalimu akafuta miwani kwa koti lake, akaanza upya, safari hii kutoka kulia.